Lile bomba jeupe ukutani kwangu, na matofali ya kuchoma ya Mbeya

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sipiki wala siwatembezi mjini. Nimekaa nijibu swali moja ambalo kila nikipandisha video linarudi: "Dada, hilo bomba jeupe nyuma yako linalopanda hadi juu ya paa ni la nini?" Na tangu niliposema linatoa gesi yenye mionzi, swali limekuwa: "Kwa hiyo nyumba zetu za matofali ya kuchoma hapa Uyole, Mbeya, zina mionzi?" Najua kuna atakayesema najimwambafai na nyumba ya Marekani, na mwingine atasema nalalamika wakati niko kwenye neema. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Gesi yenyewe ni radoni. Haina rangi, haina harufu. Urani imo kidogo kidogo karibu katika kila udongo na mwamba. Inageuka polepole kuwa radiamu, na radiamu ndiyo inayotoa radoni. Nje upepo unaipeleka. Ndani ya nyumba iliyofungwa inajikusanya, unaivuta, na chembe zinazozaliwa nayo zinang'ang'ania kwenye mapafu zikitoa mionzi. Ni saratani ya mapafu tunayoizungumzia hapa, na kwa anayevuta sigara hatari inakuwa kubwa zaidi sana.

Mimi naishi Des Moines, Iowa. Kaunti zote 99 za jimbo hili zimewekwa kwenye kundi la juu la radoni. Nyumba zina chumba chini ya ardhi, na baridi ikishika hakuna anayefungua dirisha. Tulipokuwa tunanunua, mkaguzi aliacha kipimo siku mbili, milango na madirisha yote yamefungwa. Serikali ya huku inashauri ukifika pikokyuri 4 kwa lita (pikokyuri ni kipimo cha mionzi) urekebishe. Kwetu ilizidi hapo.

Hapo ndipo karatasi zilipoanza. Muuzaji amesaini fomu kwamba ameshakujulisha, basi yeye kwake yameisha. Benki inataka nakala, kampuni ya bomba haiji mpaka utangulize nusu ya malipo. Imenitoka zaidi ya dola elfu moja, na hela hiyo nilikuwa nimeitenga kwa bati za nyumba ya mama. Kuna ndugu yangu akaandika kwenye grupu la familia kwamba nanunua mabomba ya urembo na mama anavujiwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Wanangu wanalala kile chumba cha chini! Ningefanyaje?

Wametoboa sakafu, bomba likaingia kwenye kokoto zilizo chini ya zege, na feni inavuta hewa ya huko mchana na usiku kuitupa juu ya paa. Kwenye bomba kuna kijimrija chenye umbo la U, ndani kina maji mekundu. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, feni inavuta. Pande zikilingana, feni imekufa. Nakitazama kila nikishuka na nguo za kufua.

Sasa Mbeya. Matofali yanatokana na udongo, kwa hiyo yana mionzi kidogo ya asili, sawa na saruji, sawa na mawe ya Iringa. Lakini radoni nyingi ya ndani kwa kawaida inatoka ardhini, inapita kwenye nyufa za sakafu. Na udongo haufanani: pale kilima cha Panda Hill kuna mwamba wenye madini ya niobi, na miamba ya jinsi ile mara nyingi huwa na thoriamu na urani, zote mbili zina mionzi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba atakwambia hali ya nyumba yako kwa kutazama tofali. Ni mpaka ipimwe. Shirika la Afya Duniani, linalotumia kipimo kingine cha mionzi kiitwacho bekereli, linapendekeza isizidi bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo, na isipowezekana basi isizidi 300. Kwetu mambo ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Waulizeni wao.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni ujenzi wa siku hizi. Nyumba ya bibi ilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Sasa tunaweka aluminiamu, dari la jipsam, na Juni ikifika tunaziba kila upenyo kwa sababu ya baridi. Halafu mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani! Huo moshi usioonekana unaua usiku mmoja, radoni inachukua miaka.

Baba mmoja wa Tukuyu, shikamoo mzee wangu, ameuliza abomoe? Hapana, baba. Mimi si mtaalamu, kila mtu na nyumba yake na mfuko wake. Kwa mama nimemwambia fundi atandike nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi, azibe nyufa zikitokea, na yale matundu ya juu ya madirisha ayaache wazi. Nailoni imeshanunuliwa. Bati ni mwezi ujao, Mungu akijalia.