Mpingo mdomoni mwa bingwa wa Glasgow

Wazee shikamooni, vijana mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu kazi ya mikono, nikaona habari za ujasiriamali mmeshachoshwa nazo, kwahiyo leo nawaletea mtu mmoja wa Uskoti anaitwa Robert Hardie, wenzake walikua wanamwita Bob. Kabla sijaanza shikeni hiki kipande, mpeane mkono kwa mkono, mtaona kilivyo kizito. Ni mpingo. Mwenye ndoo ya maji pale nyuma akitumbukize, kinazama kama jiwe.

Sasa Hardie alikua mpigaji wa bagipaipu, ala ambayo mabomba yake yanachongwa kwa mpingo kama huu. Mmeiona kwenye TV, wale wanaume wenye vitambaa vya drafti viunoni, msicheke basi. Ni mfuko unaubana kwapani, unapuliza kwenye bomba moja, juu begani kuna mabomba matatu yanayolia uzi uleule mwanzo mwisho, mawili madogo na moja kubwa la sauti nzito, alafu mbele kuna filimbi ya vidole inaitwa chanta, ina noti tisa tu. Haipandi sauti haishuki, haina kupumua. Ukitaka kupiga noti moja mara mbili huwezi kunyamaza katikati, unabidi uikate kwa kidole, kidole kinaruka haraka mpaka msikilizaji hajui kimepita saa ngapi. Mi nilipoelewa hilo nikasema hawa watu ni wabishi.

Hardie alifundishwa na Robert Reid, na Reid alifundishwa na John MacDougall Gillies, na Gillies huyu alikua meneja wa duka la ala la Peter Henderson pale Glasgow. Mnaona ukoo ulivyo, unajifunza kupiga kwa mtu ambaye mchana kutwa ananusa vumbi la mbao. Hardie mwenyewe akashinda mashindano ya mpigaji mmoja mmoja, alafu akawa kiongozi wa bendi ya Muirhead & Sons ya Grangemouth, na Muirhead ilikua kampuni ya mbao, sijatunga mimi hiyo. Bendi hiyo ilichukua ubingwa wa dunia miaka mitano mfululizo, 1965 mpaka 1969. Mitano!

Lakini kampuni yake ya kutengeneza ala alishaianzisha zamani, 1950, yaani makombe hayo matano yamemkuta tayari ni fundi mwenye karakana. Hapo ndo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mpigaji mmoja chanta yake ikiwa juu kidogo anajirekebisha, maisha yanaendelea. Bendi ni watu zaidi ya kumi wanapiga noti ileile kwa pamoja, mmoja akipishana na wenzake kidogo tu jaji anasikia kama nyuki kaingia chumbani. Kiongozi anazunguka duara kabla ya kupanda uwanjani, anasikiliza mmoja mmoja, huyu anambandikia ka-tepu juu ya tundu ili noti ishuke, yule anamsukumia ulimi wa mwanzi, kale kanakotoa sauti kichwani mwa chanta, ndani zaidi ili ipande. Sasa mtu aliyefanya hivo miaka na miaka akikaa kwenye mashine ya kukereza anajua tundu gani litamsumbua mtu uwanjani. Fundi ambaye hajawahi kusimama kwenye lile duara anasubiri mteja arudi kulalamika.

Kazi yenyewe sasa. Tundu la mabomba ya begani limenyooka, la chanta ni jembamba juu linapanuka kuelekea chini, unalipanua kwa chuma kirefu chenye makali pembeni, taratibu, ukiharakisha kinashika moto na mbao inapasuka. Na hutoboi leo ukamaliza leo. Unatoboa tundu dogo, unauacha mpingo upumzike, miezi mpaka miaka, kwasababu unyevu ukitoka mbao inajikunja, alafu ndo unarudi. Vumbi lake linawasha, ndugu zetu Wamakonde wanalijua, mi mwenyewe nilipiga chafya wiki nzima.

Na huo mpingo unatoka wapi? Zamani kule Uskoti walitumia mbao za kwao na nyingine kutoka visiwa vya Karibi, wakahamia mpingo karne ya 19 kwasababu umeshikana, haunywi mate ya mpigaji kirahisi. Unatoka Tanzania na Msumbiji. Kilwa, Lindi, huko huko mnakopajua. Mti unachukua kama miaka 70 na kuendelea mpaka ufae kukatwa, alafu ule weupe wa nje wote unatupwa, kinachobaki ni moyo mweusi tu. Kijiji cha Kikole kule Kilwa kiliingia kwenye cheti cha FSC, lile shirika la dunia linalothibitisha msitu unavunwa vizuri, mwaka 2009, wakawa wanavuna kwa mpango na hela inaingia kijijini, safi sana. Kinachoniuma ni kwamba sisi tunauza vipande vya mraba vilivyopakwa nta kichwani visipasuke, kama hicho mnachopeana, alafu sikio la kujua kipande kitalia vipi liko Glasgow. Karakana za Moshi wanazo mashine za kukereza, niliwauliza jamaa wawili watatu kama wamewahi kujaribu hata zumari, mmoja akaniambia kaka sisi ni miguu ya vitanda.

Kampuni ya Hardie baadae ikaja kulichukua hata lile duka la Henderson alikokua Gillies, mwalimu wa mwalimu wake.

Haya, maswali. Ila kwanza kile kipande kimefika wapi? Kiwe kinarudi huku mbele, nimekihesabu.