Mizimu ya Jumba la Sinema

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, asanteni kwa kuitikia wito wa jioni hii hapa Mwanza.

Aliyekulia mjini zama za sinema anakumbuka foleni ya tiketi, walanguzi waliozinunua kwa mafungu, na ubishi wa njiani kurudi nyumbani kuhusu steringi. Wengi tulisikia na hadithi za usiku: kwamba watu wakishatoka na mlinzi akishafunga milango, viti vya nyuma huendelea kujikunja kimoja kimoja, kama vile kuna wanaoinuka. Wapo waliosema wameona mwanga kwenye kidirisha cha juu ya balkoni huku umeme umekatika mji mzima. Wengine walinusa kitu kinachoungua.

Nazichukulia hadithi hizi kwa uzito. Mwenye kuamini majini aamini, asiyeamini tusigombane. Ninachoshikilia ni kwamba hadithi ya mzimu huwa na mahali pake, na mahali hapo aghalabu kuna mtu aliyekuwa akifanya kazi. Muulize msimulizi, "Ilikuwa wapi hasa?" Atakuonyesha pembe ya jumba ambayo watazamaji hawakuijua kamwe.

Hebu tupande juu, kwenye chumba cha mashine za kuonyeshea filamu. Filamu za awali za milimita 35 zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kilicho jirani na baruti. Ikishika moto, maji hayaisaidii, maana inajitolea oksijeni yake yenyewe; itaungua hata ukiizamisha kwenye ndoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo watengenezaji walipoiacha. Kwa hatari hiyo vyumba vya mashine vilijengwa kwa kuta nene na mlango usioshika moto, na vidirisha vyake vikawekewa vifuniko vya chuma vya kudondoka moto ukizuka. Vifuniko hivyo vilimkinga mtazamaji aliyekaa chini. Opareta, mwendesha mashine, alibaki upande wa moto.

Na mwanga wenyewe? Ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribianishwa, umeme ukiruka katikati yake, mkali wa kuumiza macho, moshi ukitolewa kwa bomba juu ya paa. Vijiti viliisha kadiri vilivyowaka, kwa hiyo ilibidi visogezwe kila mara. Ukizubaa, picha inafifia na ukumbi mzima unapiga miluzi. Roli moja ilikwenda dakika 20 hivi, na mashine zilikuwa mbili. Roli ikikaribia mwisho, doa dogo linatokea juu kulia mwa picha: washa mota ya pili. Doa la pili likitokea: hamisha. Opareta hodari aliitazama kona ile usiku baada ya usiku, wakati sisi tunatazama mapigano. Tulimkumbuka siku filamu ilipokatika tu, na tulimkumbuka kwa matusi.

Basi mji unaposimulia kwamba kule juu kuna mtu asiyeonekana, mwenye mwanga na harufu ya kuungua, mimi naona umemhifadhi opareta kwa njia pekee iliyobaki. Jina lake halikuandikwa kwenye bango wala kwenye tiketi.

Viti havinisumbui sana. Mabati yaliyopigwa na jua kutwa hupoa usiku na kujikunyata, mbao za zamani nazo hulia. Lakini mlinzi aliyekaa humo peke yake hadi alfajiri ana haki ya kusikia alichosikia.

Wenzetu wa London wanazitunza hadithi zao bila haya. Theatre Royal ya Drury Lane ilifunguliwa mwaka 1663, ikaungua 1672 na tena 1809. Jengo la sasa ni la 1812. Husimuliwa mzimu wa mwanamume aliyevaa joho la kijivu, anayekaa viti vya juu mchana kweupe, na waigizaji humhesabu kuwa dalili ya mchezo kufanikiwa. Tena katika majumba mengi ya huko na Marekani, taa moja huachwa ikiwaka jukwaani usiku kucha. Wapo wanaosema ni ya mizimu. Pia humzuia anayeingia wa kwanza asitumbukie kwenye shimo la wanamuziki.

Sisi tulikuwa na jukwaa kabla ya jumba lolote. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walishindana uwanjani, na mshindi alikuwa aliyevuta umati. Manju, kiongozi wa ngoma, hakwenda kavu. Alikuwa na dawa zake za mvuto na baraka za wahenga wake. Katika mawazo hayo umati haujai bure, lazima kuna kinachouvuta. Nadhani sinema nazo zilipojaza watu, macho yaleyale yaliutazama ukumbi na kuuliza: humu ndani kuna nini? Ndiyo maana sizikubali hadithi zetu ziitwe uigaji wa Wazungu.

Naomba jambo moja kwa uchungu. Simulizi hizi zisichanganywe na MV Bukoba. Ile meli ilizama tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya Igoma ni ya ndugu zetu, wenye familia zinazoendelea kuomboleza. Hayo si ya kutishia watoto.

Majumba yenyewe yanakwisha. Video zilikuja, vibanda umiza vikaenea, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Kumbi zikageuka makanisa, maghala, maduka. Kinachobomolewa kwanza mara nyingi ni chumba cha mashine, kwa sababu mwenye duka hana kazi nacho.

Kwa hiyo leo tuna madaftari mawili pale mlangoni. La kwanza ni la hadithi: uliona nini, saa ngapi, upande gani wa ukumbi. La pili ni la waliofanya kazi: maopareta, wakata tiketi, walinzi, wachora mabango, akina mama waliouza karanga nje. Mzee yeyote aliyewahi kushika vijiti vya kaboni, tafadhali asiondoke. Tunaanza na yeye.