Kitabu cha Kwanza cha Piano Kimo Kwenye Faili la Kwaya

Tumsifu Yesu Kristo! ... Mmeitika vizuri. Ngoja tuone kama na vidole vitaitika.

Nimeombwa nizungumzie nyenzo za kujifunzia piano. Hili nimelisema kwenye semina nyingi, na wale walionisikia mwaka jana wanajua nitaishia wapi, wanivumilie. Kila Jumapili baada ya Misa nafuatwa na maombi yale yale: mwalimu nitumie video, mwalimu nitumie PDF, mwalimu ile programu inaitwaje. Miaka yote hii sijawahi kufuatwa na mtu akaniambia, "Mwalimu, njoo uutazame mkono wangu wa kushoto, una matatizo."

Alikuja kijana mmoja nyumbani. Simtaji, na msigeuke kutazamana. Alikuja na simu yenye kadi ya gigabaiti 64, ndani yake folda imeandikwa PIANO kwa herufi kubwa. Akaifungua mbele yangu kwa fahari kama mtu anayeonyesha ghala la mahindi. Masomo ya video yanapita mia nne. Vitabu vya PDF, vingine vya Kijerumani. Programu tatu za vile vijiti vya rangi vinavyodondoka juu ya funguo. Nikamwambia hongera, sasa kaa. Nikamfungulia wimbo wa Bikira Maria, kwaya yao inauimba tangu yeye akiwa utotoni. Nikamwambia, nipigie soprano, ile sauti ya juu, peke yake, mkono wa kulia, taratibu.

Kabla hajagusa ufunguo wowote, kidole kikaenda kwenye kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Wimbo ni Doh ni F, yaani doh yake iko kwenye ufunguo wa F. Akapandisha nusu hatua tano, ili apige kama yuko C. Nikairudisha sifuri. Akapandisha. Nikairudisha. Tukawa kama mume na mke wanaogombania swichi ya feni usiku. (Kicheko.) Mwishowe nikaifunika kwa kipande cha plasta, ndipo akaanza. Baa mbili tu za wimbo, akakwama kwenye fa. Nikamwuliza, hiyo fa unaipiga kwa kidole gani? Akasema, "Chochote kitakachokuwa karibu."

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Folda ina mia nne na kidole hakina anwani. Skeli ya F, yaani ngazi ya sauti kuanzia F, mkono wa kulia: gumba kwenye doh, cha pili re, cha tatu mi, cha nne fa, ambayo ni B flati, ule ufunguo mweusi, halafu gumba linapita chini, linatua kwenye soh. Katika C gumba hupita baada ya kidole cha tatu. Katika F ni baada ya cha nne, kwa sababu gumba ni fupi, ukilipeleka kwenye ufunguo mweusi mkono wote unapinda. Maelezo yote ndiyo hayo, hayafiki dakika moja. Lakini kijiti cha rangi kikidondoka kinakwambia wapi pa kubonyeza, hakikwambii kwa kidole gani, na kidole ndiyo nusu ya elimu ya piano.

Najua mtu anasema moyoni: "Lakini mwalimu, fulani alijifunza kwa video na anapiga kutushinda sote." Ni kweli, namfahamu. Mwulize vizuri. Utakuta alishika video moja wiki tatu, akaipunguza mwendo hadi nusu, akairudia mpaka mama yake akalalamika. Wewe unaangalia video kumi kwa siku ukiwa umelala kitandani, kinanda kimefunikwa kitambaa sebuleni.

Sasa nije kwenye dawa. Kitabu chako cha kwanza cha piano unacho. Ni faili la nyimbo la kwaya yenu, lile lenye jalada lililochanika na doa la chai. Ndani yake mna muziki wa sauti nne, soprano, alto, tenor na besi, umeandikwa kwa solfa, yaani herufi d, r, m, f, s, l, t badala ya doh, re, mi, fa, soh, la, ti, na wewe tayari unaujua kwa masikio. Mwanafunzi wa Ulaya anayeanza piano anapewa wimbo ambao pengine hajawahi kuusikia. Wewe unaanza na wimbo ulioimba mara mia. Kosa lako utalisikia mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Utaufanyaje? Chukua mwisho wa wimbo, si mwanzo. Mwisho ni rahisi na nyimbo nyingi huishia hivi: soprano m – r – d, besi s – s – d. Doh ni F. Kwa hiyo mkono wa kulia ni A, G, F, na wa kushoto ni C, C, F. Piga kila mkono peke yake, kisha pamoja. Siku ya kwanza inaishia hapo, funga kinanda. Kesho ongeza alto chini ya soprano, mkono ule ule wa kulia: d – t – d. Alto na soprano watakutana kwenye doh ya mwisho, msishangae. Keshokutwa uongezee mkono wa kushoto tenor: s – s – m. Hapo umeshapiga kodi tatu za sauti nne, yaani sauti zinazolia pamoja, kodi za muziki, za TRA utazilipa mwenyewe. (Kicheko.) Umezipiga katika F halisi, bila kitufe. Wiki ijayo tafuta wimbo mwingine wenye mwisho huo, Doh ni G. Mpangilio ni ule ule, mahali ndipo pamebadilika. Huko ndiko kutranspozi kwa kichwa. Mashine ikifanya hivyo badala yako miaka kumi, siku utakayokalishwa kwenye piano ya mbao kwenye harusi, isiyo na kitufe, utatafuta mlango wa nyuma.

Mimi mwenyewe nilikalishwa hivyo. Wimbo uko Doh ni E flati, maharusi wamekwisha ingia, na mimi maisha yangu yote nilikuwa mtu wa C. Niliwapigia C. Soprano walishuka mpaka wakasikika kama tenor wenye mafua. Ndiyo maana hasira yangu na kitufe kile ni ya binafsi, nakiri.

Kuna wale wasomi, nao wapo hapa: "Solfa si nota za kweli." Tafadhali. Solfa haikuokotwa porini. Ilianza Uingereza, kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaieneza karne ya 19 ili watu wa kawaida waimbe bila kusomea muziki miaka mingi. Lakini nakubaliana nanyi kwamba nota za mistari mitano lazima mzijue, maana vitabu vya piano haviandikwi kwa solfa. Basi zijueni kupitia wimbo mnaoujua. Kuna programu ya MuseScore, ya bure, unaiweka kwenye kompyuta. Uandike ule wimbo wa faili sauti kwa sauti. Kila unapoweka doh ya F utaona inakaa wapi kwenye mistari, na ukikosea programu itakuchezea kosa lako bila huruma. Ukiandika nyimbo tano hivyo, nota zitakuwa zimekuingia bila wewe kukariri mchoro wowote. Na nyimbo zetu nyingi za Kikatoliki ziko kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, kwa wale ambao faili lao limeliwa na panya.

Muda... padre ananionyesha saa. Haya, haraka haraka. Mazoezi ya vidole: kitabu cha mtunzi Hanon, cha 1873, mazoezi 60. La kwanza mkono wa kulia unapanda d m f s l s f m, r f s l t l s f, mnaona, solfa tena. Chukua moja, si sitini. Kisha kitabu cha mtunzi Czerny, Opus 599, ukishamaliza miezi kadhaa. Wote wamefariki zamani, kazi zao mnazipata bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iko tangu 2006, hakuna haja ya kuuziwa fotokopi. Shule: Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy, Arusha kuna chuo kikuu cha Makumira, mwenye ndugu Nairobi kuna chuo cha muziki cha Conservatoire, cha tangu 1944. Mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, ina madaraja manane, nilitaka kuieleza, nitaiacha.

Kinanda cha kununua: funguo 61 zinatosha kuanzia, piano kamili ina 88. Ila dukani bonyeza ufunguo polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikiwa ile ile, hicho ni kengele ya mlangoni, kirudishe. Kuhusu pedali nitasema siku nyingine.

Sasa, nani ana faili? Wewe, binti, njoo mbele na faili lako. Fungua ukurasa wowote. Doh ni nini hapo? F, vizuri. Gumba kwenye doh. Soprano tu, mkono wa kulia, taratibu... Hapana. Ondoa huo mkono wa kushoto hapo juu, nimekuona ulikuwa unakwenda wapi.