Ala Kwanza, Pistole Baadaye

Wababa na wamama, ndugu zangu wa Lubumbashi, aksanti kwa kuja na joto hili la Oktoba. Naona polisi wanaolinda benki, naona na wafanyabiashara wenye kibali. Silaha nchini mwetu inatawaliwa na sheria namba 85-035 ya mwaka 1985. Asiye na kibali, maneno yangu ya leo hayampi ruhusa yoyote.

Watu huniuliza pistole gani ni nzuri. Juu ya ala, ule mfuko wa kubebea pistole kwenye mkanda, kimya. Halafu jioni namwona mtu ameichomeka kati ya mkanda na shati, amepanda pikipiki kwenda Katuba, na barabara yenyewe mashimo matupu. Inaniuma sana.

Pistole nzima hufyatuka kwa sababu kuna kitu kimevuta kifyatulio, na kitu hicho si lazima kiwe kidole. Pindo la shati linatosha, hata funguo za mfukoni. Kwa hiyo ala ifunike kifyatulio chote, iwe ngumu, mdomo wake usijikunje pistole ikishatoka, na mkanda unaoibeba uwe mnene. Ijaribu nyumbani na pistole tupu: ruka, inama, kimbia. Ikidondoka, nunua ala nyingine.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nilifundishwa kwa GP, ile Browning ya mwaka 1935 kutoka Herstal, Ubelgiji. GP ya kawaida ukiitoa shaja, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, haifyatuki, hata kama risasi imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa. Mkono ukazoea hivyo. Kisha tukaanza kukutana na Glock, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. Glock ya kawaida haina kitufe cha usalama ubavuni, na bila shaja bado inapiga risasi iliyobaki chemba. Tena kuifungua kwa kusafisha, lazima uvute kifyatulio! Mwenzangu mmoja alitoa shaja sebuleni, akavuta. Risasi ilitoboa ukuta wa chumba cha watoto. Walikuwa wameenda kuchota maji.

Ndiyo maana nawasihi: elekeza mtutu pasipo na mtu, toa shaja kwanza, ndipo uvute kifuniko cha juu nyuma. Ukianza na kifuniko, shaja itasukuma risasi nyingine ndani. Kisha tazama chemba, na uipapase kwa kidole. Usiku umeme ukikatika, macho hudanganya.

Je, kutembea na risasi ndani ya chemba? Polisi, fuateni amri ya mkuu wenu. Chemba tupu inataka mikono miwili na nafasi ya kuvuta, na huenda mkono mmoja umemshika mtoto. Chemba yenye risasi inataka ala nzuri na mkono uliozoezwa. Kwa maoni yangu, ambaye hafanyi mazoezi mara kwa mara aache chemba tupu.

Na kuirudisha pistole ndani ya ala ndiko kunakojeruhi mapaja. Hakuna anayekukimbiza wakati huo. Kidole kinyooke ubavuni, shati livutwe pembeni, angalia ndani ya ala, halafu ingiza polepole.

Kesho saa tatu asubuhi tutafanya mazoezi hapa hapa. Njooni na ala na mikanda mnayovaa kila siku. Pistole na risasi ziacheni zimefungiwa. Nitawapa za mbao.