Dizeli Inakosa Nguvu Ikivuta Trela? Anza na Mipira ya Turbo

Habari zenu watazamaji. Leo tuna gari la dizeli, fowili, ambalo likiwa tupu linakimbia bila shida yoyote. Funga trela nyuma, anza kupanda mlima: linalegea, moshi mweusi unatoka nyuma, na chini ya boneti unasikia mluzi au upepo unaovuja. Wengi wakifika hapo wanaambiwa turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, imekufa. Usitoe hela kwanza. Mara nyingi turbo ni nzima, kinachovuja ni mpira.

Kwa nini tatizo linajitokeza wakati wa kuvuta tu? Injini ikiunguruma bila mzigo, turbo haisukumi hewa ya maana, kwa hiyo ufa kwenye mpira unabaki umejibana. Ukivuta mzigo presha inapanda, mara nyingi inafika bar 1 au zaidi, na ufa unafunguka. Sasa sikiliza hapa. Kwenye magari mengi ya kisasa hewa inapimwa na sensa kabla haijaingia turbo. Ikivujia njiani, kompyuta haijui. Inamwaga dizeli kwa hesabu ya hewa ile iliyopimwa. Moshi mweusi unatoka hapo, na joto la eksozi linapanda vilevile. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari inaweza kukuonyesha P0299, yaani presha ya turbo iko chini ya inayotakiwa. Kodi hiyo haijasema turbo ni mbovu.

Magari ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta yana tabia tofauti kidogo. Mengi yana kimpira chembamba kinachopeleka presha juu ya pampu ya dizeli. Kikitoboka, pampu haiongezi dizeli, gari linakuwa zito bila moshi wowote. Kikague hicho kabla ya yote, maana hata dakika tano hazifiki.

Haya, tuanze kazi. Fungua trela, egesha gari sehemu tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, zima injini na uiache ipoe. Paipu ya kutoka turbo inaunguza vibaya.

Fuata njia ya hewa kwa mkono: kisanduku cha chujio, turbo, intakula (ile rejeta ya kupoza hewa), halafu manifodi (paipu zinazogawa hewa kwenye injini). Mipira inayobeba presha ni ile ya kutoka turbo kwenda intakula, na ya kutoka intakula kwenda kwenye injini. Tafuta mahali penye oili iliyoshika vumbi. Ukungu kidogo wa oili ndani ya mipira hii ni kawaida, unatoka kwenye paipu ya kupumulia injini. Ukiona umetoka nje na kuchora mstari mweusi, hewa nayo inapita hapohapo.

Leteni kamera huku chini ya kona ya mpira. Kwa juu mpira huu unaonekana kama mpya. Napitisha kidole upande wa chini, mnaona? Ukucha unazama. Oili imeulainisha, umevimba, na nikiuminya matabaka ya nyuzi yanaachana. Huu hauwezi kuonekana kwa kuinamia boneti na tochi, ni lazima uushike. Kagua pia mahali unapogusana na chuma, maana injini ikivuta mzigo inajipinda na kuusugua.

Kama hujaona kitu, tunaujaza upepo. Toa mpira wa kuingilia turbo, ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, kaza klipu. Kompresa lazima iwe na kidhibiti presha. Anza na psi 5, panda polepole, usivuke 15. Usisimame mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo na chini ya kila kona. Povu likichemka, umepata. Ukisikia upepo ukipumua kwenye tundu la kujazia oili, usishtuke: kiasi fulani hupita kwenye valvu na ringi za injini.

Umeshapata? Badilisha mpira. Kuzungushia tepu ni kwa ajili ya kufika nyumbani, taratibu, bila trela. Ukinunua wa silikoni, hakikisha ndani una tabaka linalostahimili oili. Silikoni ya kawaida hunyonya oili na kulainika, haijalishi rangi yake inapendeza vipi. Safisha paipu na ndani ya mpira hadi vikauke kabisa. Usipake grisi ili uingie kirahisi, kwa sababu presha ikipanda utatoka kirahisi vilevile. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye paipu, si juu yake. Mimi napendelea klipu pana za boliti, zinabana sawasawa pande zote. Zile za matundu hukata mpira ukizikaza kwa hasira.

Funga trela, panda mlima, rudi, acha ipoe, kisha kaza klipu tena.

Bado halina nguvu? Kama hakuna moshi mweusi, angalia chujio la dizeli. Angalia pia mipira myembamba ya vakyumu (ya kunyonya hewa) inayoendesha mkono wa kudhibiti turbo, na mpira wa kabla ya turbo: ukiwa laini sana, unanyonywa na kujikunja ndani injini ikivuta.

Na kama ulipofungua intakula umekuta oili imetuama, siyo ukungu bali oili ya kumwagika, hapo ndipo turbo yenyewe inashukiwa. Usiwashe gari hilo. Injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake na kupandisha mizunguko yenyewe, na ukizima ufunguo haizimiki. Livutwe kwa fundi wa turbo.