Saa Sita Kamili Mchana

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi Zuhura.

SEFU: Na mimi Sefu, ambaye Jumamosi iliyopita nimelazimishwa kuangalia picha la kikauboi lisilo na rangi.

ZUHURA: Kulazimishwa! Ubuyu wangu ulimaliza wewe.

SEFU: Nilikula kwa wasiwasi, dada Zuhura. Nangoja watu wapigane, hawapigani. Saa nzima inapita, hawapigani. Mzee anazunguka tu mtaani anagonga milango ya watu.

ZUHURA: Basi tuanzie hapo hapo. Filamu ni High Noon, ya mwaka 1952, mwongozaji wake Fred Zinnemann. Huyo mzee ni Gary Cooper, humo anaitwa Will Kane. Ni mashali, yaani ndiye mkuu wa usalama wa kimji kidogo. Ameoa asubuhi hiyo hiyo, beji ameshaivua, yuko mbioni kuondoka na mkewe. Mara telegramu: Frank Miller, jambazi aliyemkamata yeye mwenyewe, ameachiwa, na anakuja na treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wako stesheni wanamsubiri. Basi Kane anarudi, anaivaa tena beji, anagonga milango akitafuta watu wa kumsaidia.

SEFU: Na saa ya ukutani imeshapita saa nne na nusu.

ZUHURA: Na filamu yote ni dakika 85. Kwa hiyo saa yao na saa yako wewe uliyekaa kwenye kochi zinakwenda karibu sawasawa.

SEFU: Hapo nina malalamiko. Maandishi ya tafsiri tuliyokuwa nayo yaliandika "treni ya saa kumi na mbili." Mimi nikajua treni inaingia magharibi. Nikasema huyu mzee kinachomtoa jasho ni nini, na siku nzima anayo!

ZUHURA: (anacheka) Mtafsiri kasoma mshale, hakutazama jua.

SEFU: Nimekuja kushtuka mishale yote miwili inakaribia kusimama, nje jua la utosi. Ndipo ubuyu ukaanza kuisha.

ZUHURA: Unaona? Watu wakisikia kauboi wanawaza bastola na farasi. Mimi nimeziangalia nyingi hizi za nyeusi na nyeupe, na nakwambia ni sinema za kungoja. Chukua The Gunfighter ya 1950. Gregory Peck ndiye mpiga bastola anayeogopwa kuliko wote, lakini sehemu kubwa ya filamu kakaa baa, saa iko ukutani, anangoja mkewe akubali kuonana naye. Nyuma wanakuja ndugu watatu wenye kisasi. Au The Ox-Bow Incident ya 1943: watu watatu wamekamatwa usiku kwa wizi wa ng'ombe na mauaji, umati unataka kuwanyonga, wanapewa mpaka alfajiri. Mnakaa nao hapo wanakula, wanaomba, mmoja anamwandikia mkewe barua.

SEFU: Hiyo sijaiona. Wananyongwa?

ZUHURA: Wananyongwa. Halafu inakuja habari kwamba aliyesemekana ameuawa yuko hai.

SEFU: Ebo!

ZUHURA: Na ile barua inasomwa baa. Henry Fonda ndiye anayesoma, lakini mwongozaji, William Wellman, kamweka nyuma ya mwenzake hivi kwamba ukingo wa kofia ya yule umeyaziba macho yake. Unaona mdomo tu unasoma. Macho hupewi.

SEFU: Makusudi?

ZUHURA: Makusudi kabisa. Kofia nyeusi, uso mweupe, na ukanda wa giza mahali pa macho. Sijui kama kwenye rangi ingekushika vile.

SEFU: Sawa, lakini hapo ndipo mimi nauliza. Kukosa rangi si ulikuwa umaskini tu wa wakati ule? Sasa tunausifia kama ufundi.

ZUHURA: Umaskini ulikuwepo, filamu ya rangi ilikuwa ghali na ilitaka taa kali. Lakini fundi ukimnyima kitu anatafuta pa kutokea. Chukua anga. Ukiweka kioo chekundu mbele ya lenzi, buluu inamezwa, anga linakuwa jeusi na mawingu yanasimama kama milima. Mwongozaji John Ford na wapiga picha wake walikuwa wapenzi wa hayo. Fort Apache ya 1948, mpiga picha Archie Stout alitumia hata filamu ya infraredi, ile inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, mawingu yake utadhani yamechongwa. Sasa rudi High Noon. Mpiga picha ni Floyd Crosby. Yeye na Zinnemann walitaka ifanane na picha za mnato za Mathew Brady, zile za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Crosby akaliacha anga bila kichujio. Likatoka jeupe pee.

SEFU: Ee, kama la saa sita kweli. Lile linalokufanya ukunje uso.

ZUHURA: Hakuna wingu la kumpa mtu nafuu. Na Cooper hakupambwa, mikunjo yote iko nje. Alikuwa na miaka 50, na bibi harusi wake, Grace Kelly, miaka 21.

SEFU: Hilo nililiona, nikanyamaza.

ZUHURA: Umefanya vizuri.

SEFU: Mimi pale niliposhikwa ni kwa yule rafiki yake. Kane anabisha hodi, jamaa anachungulia dirishani, anamwambia mkewe, sema sipo. Mke anatoka mlangoni anasema mume wangu kaenda kanisani. Kane anamuuliza, kaenda bila wewe?

ZUHURA: Na mke hana pa kuweka uso.

SEFU: Hakuna mtu hapa Dar ambaye hajawahi kusimama upande mmoja wa mlango ule. Mimi nimesimama pande zote mbili. Wa vikoba akija, mimi ndiye wa dirishani.

ZUHURA: Wa vikoba wamekusikia. Unajua nilipoiangalia mara ya kwanza nilikuwa na baba mdogo. Yule ni mtu wa majumba ya sinema ya zamani, kwake filamu ina stelingi na ina adui, na sheria ni moja.

SEFU: Stelingi hafi.

ZUHURA: Stelingi hafi! Basi ikafika pale zimebaki dakika chache, Kane kakaa mezani peke yake anaandika. Baba mdogo akauliza anaandika nini. Nikamwambia wosia. Akakaa wima. "Stelingi gani anaandika wosia?"

SEFU: (anacheka) Na pale ndipo saa zinaanza.

ZUHURA: Saa, pendulamu, nyuso za kanisani, nyuso za baa, reli tupu, kiti alichokalia Miller siku ya hukumu. Muziki wa Dimitri Tiomkin unagonga pamoja na saa. Halafu honi ya treni. Uhariri ule ulipata Oscar, moja kati ya nne za filamu hiyo.

SEFU: Halafu kamera inapanda juu, mzee anabaki kadogo katikati ya barabara. Pale nilikubali, nisiwe mbishi bure. Lakini na mimi niseme langu. Stagecoach, ya 1939, uliyonipa kabla ya hii. Watu tisa na gari la farasi, nakubali utamu upo. Ile meza ya chakula, bwana mmoja anamhamisha mke wa afisa asikae karibu na yule dada aliyefukuzwa mjini, hiyo nimeipenda. Na yule Yakima Canutt, mwigizaji wa matukio ya hatari, anayeanguka katikati ya farasi wanaokimbia, gari likapita juu yake, hakuna kompyuta wala nini. Lakini Waapache, wale wenyeji asilia wa Marekani wanaolivamia gari, mle hawana jina, hawana neno. Kazi yao kupigwa risasi.

ZUHURA: Na hata Waapache wenyewe hawakuwa. Walikuwa Wanavajo wa pale Monument Valley, bonde la huko Marekani, wamelipwa kuigiza kabila jingine.

SEFU: Sasa unapendaje kitu kama hicho?

ZUHURA: Napenda na huku najikuna. Sina jibu zuri zaidi ya hilo. Kuna nyingine zimejaribu. Kwenye The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962, Woody Strode ni Pompey, mtu mweusi, kakaa darasani na watoto, nyuma yake picha ya Lincoln. Anaombwa aseme tamko la uhuru la Marekani, anaanza vizuri, anasahau kipande kinachosema watu wote wameumbwa sawa.

SEFU: Yeye ndiye anakisahau!

ZUHURA: Na mwalimu anamwambia, wengi hukisahau hicho. Strode huyo huyo, mwaka 1946, alikuwa mmoja wa weusi wawili waliosajiliwa na Los Angeles Rams, timu ya futiboli ya Kimarekani, baada ya ligi yao kukaa miaka mingi bila kusajili mtu mweusi.

SEFU: Aisee. Na mambo ya siasa uliyokuwa unaniambia jikoni?

ZUHURA: Kwa kifupi: wakati High Noon inapigwa, mwandishi wake Carl Foreman aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa inasaka wakomunisti. Akakataa kutaja wenzake. Akafungiwa kazi, akahamia Uingereza. Sasa soma tena filamu, mtu anagonga milango na marafiki hawapo.

SEFU: Kumbe "sema sipo" ilikuwa na mwenyewe.

ZUHURA: John Wayne, stelingi mkubwa wa picha za kauboi, aliichukia filamu hiyo, na alisema hadharani. Lakini mwaka 1953 Cooper aliposhinda Oscar na hakuwepo ukumbini, unajua nani alipanda jukwaani kumpokelea?

SEFU: Usiniambie.

ZUHURA: Wayne. Kwa tabasamu! Halafu miaka inapita, Poland, 1989, uchaguzi wa tarehe 4 Juni. Chama cha Solidarność kinabandika bango, ni Gary Cooper yule yule anatembea, mkononi karatasi ya kura. Filamu ambayo Wayne aliiona ya wakomunisti, huko wanaitumia kuwaondoa wakomunisti.

SEFU: Mzee wa watu kazunguka. Turudi kwa baba mdogo, mwisho aliuonaje?

ZUHURA: Mke wa Kane, mtu wa dini asiyetaka bunduki, kamuua mmoja. Wanne wote chini. Mji mzima ndio unatoka majumbani. Kane anawatazama, anaivua ile nyota ya bati, anaiacha idondoke mavumbini, anapanda gari na mkewe.

SEFU: Hasemi kitu.

ZUHURA: Hasemi kitu. Baba mdogo akaangalia saa yake, akaniambia zima, adhuhuri imeingia. Yuko bafuni anatawadha, nasikia bado anagomba: "Hata yule wa dirishani katoka!"