Mkaguzi Anajaziwa Mafuta na Nani?

REHEMA: Karibuni. Mimi Rehema, niko na kaka yangu Hamisi, na hizo honi mnazosikia ni bodaboda wa Kinondoni, hatuna cha kuwafanya. Leo bajeti. Usizime!

HAMISI: Watu wakisikia bajeti wanawaza bei ya bia na petroli tu.

REHEMA: Ndiyo maana kuna mafungu yanapita kimyakimya. Kila Aprili mpaka Juni wizara zinapanga foleni Dodoma kuomba fedha za mwaka. Kwenye kapu la kazi kuna OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, na CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huyu wa kwanza kazi yake usife kazini. Wa pili unamkimbilia ukifukuzwa kihuni.

HAMISI: Na WCF, mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini?

REHEMA: Yule ana riziki yake. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na haruhusiwi kuikata kwa mfanyakazi. Tumwache.

HAMISI: OSHA nayo si ina riziki? Wakija kukagua, ofisi inalipa.

REHEMA: Hapo ndipo panaponikera. Mkaguzi analishwa na anayekaguliwa! Ada ya usajili ilifutwa, wafanyabiashara walilia utitiri wa tozo na walikuwa na haki. Lakini ukifuta tozo, Hazina izibe pengo. Isipoziba, mkaguzi ataelekea wapi? Barabara ya Nyerere, kwenye kiwanda chenye mhasibu. Ghorofa linalopanda uchochoroni atalisikia likianguka.

HAMISI: Mtaani kwangu liko moja. Saidia fundi ana karai la zege kichwani, kandambili miguuni, anapanda ghorofa ya tatu kwa mirunda iliyofungwa kamba ya katani. Kofia ngumu ipo moja tu, kaivaa msimamizi. Na msimamizi yuko chini, anakunywa kahawa.

REHEMA: Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamlinda yule kijana sawasawa na mtu wa kiwandani. Ila hakuna wa kumtoza ada pale.

HAMISI: Nikupinge kidogo, dada. Ukitegemea Hazina peke yake, utangoja. Bunge kupitisha ni jambo moja, fedha kutoka ni jambo lingine. Itazame CMA: kufungua shauri ni bure, kwa hiyo haina pa kujishikiza zaidi ya fungu la serikali. Fungu likichelewa, nani anaumia?

REHEMA: Mlalamikaji. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri. Akichelewa, aanze kuomba aongezewe muda. Usuluhishi nao sheria inautaka uishe ndani ya siku 30. Sasa wasuluhishi wakiwa wachache, tarehe zinasogea. Mtu hana mshahara, katoka Mbagala kwa nauli ya kukopa, anaambiwa arudi wiki ijayo. Mwajiri anajua hesabu hiyo. Anampa kidogo, anasaini, yameisha.

HAMISI: Basi tozo si adui mkubwa hivyo.

REHEMA: Tozo ibaki, ila iende Mfuko Mkuu wa Serikali, kapu la pamoja la mapato ya serikali, mkaguzi apewe fungu lake. Mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 81 wa ukaguzi wa kazi, tuliouridhia mwaka 1962 tangu Tanganyika, kifungu cha 6 kinataka mkaguzi awe mtumishi wa umma asiyeyumbishwa na mtu wa nje.

HAMISI: Na kifungu cha 11 kinataka apewe usafiri! Mkataba umeandika kabisa.

REHEMA: Kwa hiyo waziri akisimama, mimi sisikilizi anaomba kiasi gani. Nasikiliza mwaka uliopita alipewa kiasi gani kweli, na wakaguzi walifika maeneo mangapi ya ujenzi.

HAMISI: Habari ya Mfuko Mkuu bado hujanishawishi. Huko fedha zikiingia zinatoka lini?

REHEMA: Muulize mbunge wako, Bunge halijaisha.